Usiniambie Ninunue Mwingine

Watu watatu waliniambia ninunue mwingine. Wa kwanza alikuwa jirani. Wa pili alikuwa mwenye agroveti pale mjini. Wa tatu alikuwa mamangu mzazi, mtu ambaye hawezi kutupa hata mkebe mtupu wa Blue Band. "Si hako ni kapanya tu? Mia tano unapata kengine." Wote watatu walisema kwa upole, na ndio maana nilikasirika. Mtu akikupigia kelele unaweza kumjibu. Akikupigapiga bega anakuacha umesimama kando ya barabara na kikapu mkononi, ukijiona mjinga.

Ndani ya kikapu alikuwa Chapo. Chapo ni ginipigi wa mpwa wangu, msichana wa miaka tisa tunayeishi naye hapa Katoloni. Ukienda Iringa au Mbeya utasikia mnyama huyu akiitwa simbilisi. Bukavu wanamwita dende. Sisi Wakenya tulichukua jina la Kizungu tukalikunja kidogo, na jina lenyewe ni uongo mara mbili: hakutoka Guinea na si nguruwe. Kwao ni milima ya Andes, Peru na Bolivia na majirani zao, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka.

Mtoto wa jirani alimbeba Chapo, akapanda naye kwenye stendi ya tangi la maji, akamwachilia. Jino moja la mbele likakatika na mdomo ukapasuka. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Mpwa wangu akaenda shule na macho mekundu, na mimi, kwa sababu ndiye mtu wa nyumba hii asiye na kazi ya kuamkia, nikapewa kikapu.

Kwani mbona nisisikilize ushauri wa watu wazima? Kwa sababu niliusikiliza mara ya kwanza.

Mwaka uliotangulia tulikuwa na ginipigi wawili. Yule mwingine alikuwa na kidonda mguuni. Nilimpeleka agroveti nyingine, siitaji jina na haina haja, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote kati ya zile zote unazozijua. Mhudumu hakuuliza chochote. Hakuuliza ni mnyama gani, ana uzito gani, anakula nini. Alifungua friji, akatoa chupa ya penstrep, akavuta kwenye sirinji, akadunga. Mia moja hamsini. Nikasema asante. Siku ya pili mnyama akaanza kuhara. Siku ya tatu mpwa wangu alimkuta amelala ubavu, amekakamaa. Tulimzika nyuma ya mgomba na nikamwambia mtoto kwamba kidonda kilikuwa kibaya.

Nilimdanganya bila kujua. Penstrep ni penisilini na streptomaisini katika chupa moja, na penisilini kwa ginipigi ni sumu. Tumbo lake hufanya kazi kama pipa la kuchachusha: kuna bakteria wazuri wanaovunja nyasi, na bila hao hana chakula hata akila. Penisilini huwafagia wazuri, kisha wabaya wanaobaki wanaongezeka na kutoa sumu inayomuua kwa kuhara. Amoksilini ile tunayomeza sisi kila tukikohoa ni ndugu wa penisilini, na inamfanyia vilevile. Zipo antibayotiki nyingine ambazo daktari anaweza kumpa salama. Na jambo hili halikugunduliwa jana. Limejulikana tangu miaka ya 1940.

Tena kuna kisa cha kushangaza hapo. Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake walitaka kujua kama penisilini inaponya. Waliwaambukiza panya wanane, wakawapa dawa wanne. Kufikia asubuhi wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa, na waliopewa walikuwa hai. Laiti siku hiyo wangeshika ginipigi badala ya panya, huenda wangeona wanyama wanakufa kwa dawa yenyewe, wakaifungia kabatini. Dawa iliyookoa mamilioni ya watu ilipita kwa sababu mtu alichagua mnyama huyu na si yule. Sasa wewe niambie tena kwamba ginipigi na panya ni kitu kimoja.

Nataka nieleweke. Ugomvi wangu hauko na yule kijana wa friji. Ukikaa kwa duka lake asubuhi moja utaona: mtu wa ng'ombe wa Kathiani, mama wa kuku wa Mutituni, mbuzi, mbwa, tena mbuzi. Chupa moja inazunguka kote. Daktari wa mifugo akija anakuja kwa sababu ya ng'ombe wa laki moja, si kwa mnyama wa mia tano. Ninachomdai kijana ni kitu kimoja, tena cha bure. Angesema, "Huyu simjui." Maneno mawili, na mnyama angekuwa hai. Lakini tumejenga nchi ambayo mtu akisema "sijui" anaonekana hana kazi, kwa hivyo kila mtu nyuma ya kaunta anadunga.

Kwa hivyo mara hii sikukubali sindano. Nilimpigia rafiki aliyesomea mambo ya mifugo, naye akanipa namba ya daktari wa wanyama wadogo Nairobi. Daktari hakucheka. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ameacha kula tangu saa ngapi?" Hakuuliza tangu siku gani. Nilipomwambia ni tangu jana jioni, akasema, "Njoo leo."

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mbwa akikosa kula siku moja unasema atakula kesho. Ginipigi hana hiyo kesho. Tumbo lake linafaa liwe likisukuma chakula mchana na usiku. Likikaa tupu kwa saa kumi na mbili hadi ishirini na nne linaanza kusimama, gesi inajaa, ini linaanza kuharibika, na hawezi hata kutapika. Kwa hiyo kidonda cha mdomo chenyewe si lazima kimuue. Kinachoua ni siku mbili za watu wazima kusema tungoje tuone.

Nilipanda matatu na kikapu mapajani. Kondakta alitaka kukitoza kama mzigo, tukajadiliana mpaka Athi River.

Jambo ambalo daktari alinionyesha siku ile ndilo limenifanya niandike. Aliweka jani la dhania mbele ya Chapo. Chapo akalikimbilia. Akalinusa, akalishika kwa midomo, akaliangusha. Akalishika tena, akaliangusha. Kisha akageuka akakaa kwenye kona. "Umeona?" daktari akaniuliza. "Huyu hajakosa hamu. Anataka kula. Anaumia."

Nilikuwa nimekaa na yule mnyama usiku mzima nikisema amekataa kula. Nilikuwa nimetumia hilo neno kabisa, amekataa, kama mtu aliyekosewa na mgeni. Kumbe kuna kukosa hamu na kuna kushindwa, na kwa nje vinafanana: sahani inabaki imejaa. Tofauti utaiona tu ukikaa ukaangalia. Asiyetaka haji kwenye sahani. Anayeumia anakuja, anajaribu, anaondoka, anarudi.

Sasa hapa nitasema kitu kunihusu, halafu turudi kwa Chapo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Ukiuliza nyumbani utaambiwa sikuwa na hamu ya masomo. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa imelipwa nusu, nilikuwa nalala sakafuni kwa chumba cha rafiki, na kila asubuhi nilikuwa naingia darasani, nafungua daftari, nasikia mhadhiri anaongea na hakuna neno linaloingia. Nilikuwa naondoka. Kesho narudi. Muhula mzima nilikuwa nakuja kwenye sahani. Hakuna aliyeniuliza panauma wapi, na kusema kweli hata mimi sikujua kusema. Nilipotoka watu walinipigapiga bega: kwani chuo ni hicho tu? Si ufanye kozi nyingine fupi, za miezi sita ziko nyingi. Nunua mwingine.

Sidai mimi na ginipigi tuko sawa. Nasema tu kwamba jamii ikizoea kutoangalia kwa makini haichagui nani wa kutoangaliwa.

Tena angalia jinsi tunavyolitumia hili jina. Mtaala wa CBC ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, wazazi walilia kwamba watoto wao wamefanywa ginipigi. Kila serikali ikija na mpango mpya, mtu kwenye redio anasema sisi si ginipigi wa mtu. Neno tunalijua vizuri, na uchungu wake tunaujua. Lakini nimewahi kusikia mtu mmoja tu akiuliza juu ya mnyama mwenyewe, na ana miaka tisa. Mwaka 1882 Robert Koch alimtumia huyu mnyama kuonyesha kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria. Mwaka 1907 kule Norway, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha ginipigi nafaka tupu wakaona wanapata kiseyeye, wakiwapa mboga mbichi wanapona. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Kwa hiyo ukiambiwa kula chungwa upone, jua kuna viumbe walitoka damu kwenye ufizi ili hilo lijulikane. Tunamdai mengi, na sisi tumemlipa kwa kumwita kapanya.

Basi tulifanya nini? Nitaeleza, kwa sababu ukiingia mtandaoni utapata ushauri wa watu wa Marekani na Uingereza, unga wa pakiti ambao hauko Machakos na kliniki ambazo ziko ng'ambo. Ushauri wenyewe si mbaya. Lakini mtu akisoma anaona hana kitu, anarudi kwa penstrep.

Kwanza ni maumivu. Bila kuondoa maumivu, chakula chochote ni mateso. Daktari alimpa dawa ya maji ya kutuliza, kipimo kikitegemea uzito wake. Usimkatie kidonge chako. Pia alilisawazisha lile jino lililovunjika na kuangalia magego ya nyuma. Ginipigi ana meno ishirini na yote yanaota maisha yake yote, kama kucha, kwa hiyo jino la mbele lililokatika litarudi. Hatari ni kwamba lile linalolielekea, likikosa la kusagana nalo, linarefuka kupita kiasi. Hiyo ni kazi ya daktari. Usitumie kikatakucha, jino litapasuka mpaka chini.

Pili ni chakula cha sirinji. Nilinunua chakula cha sungura cha punje, nikakiloweka kwa maji moto mpaka kikawa uji mzito, nikachanganya na malenge yaliyochemshwa. Sirinji ya mililita moja ya duka la dawa, bila sindano, ncha ikiwa imekatwa kidogo ipitishe uji. Unamfunga kwa taulo akiwa ameketi wima, si chali, maana akiwa chali uji unaingia kwenye mapafu. Unaingiza ncha kutoka pembeni, kwenye ile nafasi nyuma ya meno ya mbele, unasukuma nusu mililita, unangoja atafune, ameze. Kisha tena. Karibu mililita hamsini kwa siku, zikigawanywa mara sita, na moja ya hizo sita ni saa nane usiku. Siku ya kwanza alinitemea yote kwenye shati.

Tatu ni vitamini C, kwa sababu ufizi na ngozi haviponi bila hiyo. Hapa Ukambani tuna bahati. Pera moja lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na mapera kwa msimu wake yanaoza chini ya miti. Nilisaga nyama ya pera kidogo, nikachuja mbegu, nikatia kwenye uji. Msimu ukiisha kuna pilipili hoho.

Nne ni mizani. Mama mmoja wa keki ploti ya pili alituazima ile ya jikoni. Kila asubuhi, saa moja, Chapo kwenye bakuli. Alianguka kutoka gramu 840 hadi 735. Macho yanadanganya, manyoya yanadanganya, gramu hazidanganyi. Pamoja na mizani, hesabu kinyesi. Vikiwa vichache na vidogo kama mchele, tumbo linalala.

Tano, na hii haikutoka kwa daktari, ilitoka kwa Susu. Nyanya yangu amefuga mbuzi maisha yake yote. Alinikuta nikipambana na sirinji akaniangalia kwa muda, akasema mbuzi mwenye mdomo mbaya humwekei majani halafu ukaenda zako. Unakaa naye. Unamponda jani kidogo mkononi ili harufu itoke, unamshikia, na unamwacha aone wewe hauna haraka. Akatoka nje akarudi na nyasi changa kutoka kando ya mfereji, akazikata fupi fupi kwa kisu. Alikaa sakafuni, mama wa miaka zaidi ya sabini, mkono umenyooshwa. Yeye ni mtu mmoja ambaye hakuniambia ninunue mwingine. Siku ya nne Chapo alivuta unyasi mmoja kutoka kwa vidole vyake na hakuuangusha. Tulisikia ile sauti ya kusaga. Hakuna aliyeongea.

Sasa, najua unachotaka kusema. Ukambani hii ninayoandika habari zake ni nchi ya ukame. Kuna miaka watu wa Yatta na Mwala wanavuna vumbi. Unatuletea habari za malenge na pera kwa kapanya? Huna haya?

Nimelifikiria hili swali kuliko nilivyofikiria mtihani wowote. Jibu la kwanza ni hesabu: sirinji, chakula, nauli na daktari, jumla ilikuwa elfu mbili na mia tatu. Ni pesa, sikatai, na nilizitoa kwenye malipo ya makala mawili. Ndiyo, ningepata ginipigi wanne na chenji. Lakini hakuna mtu wa Yatta ambaye angekula zile pesa kama ningeacha Chapo afe. Ningezitia kwenye bando na chipsi, kama wewe. Tusiwatumie wenye njaa kama kisingizio cha uvivu wetu.

Jibu la pili ni kwamba elimu hii si ya watu wenye nafasi. Kivu Kusini, miaka ya vita, familia zimefuga dende jikoni kwa sababu anakula majani na mabaki, anazaa haraka, na ni mdogo kiasi kwamba wenye bunduki wanaokuja kupora ng'ombe na mbuzi hawamjali. Ni nyama ya watoto, na akiuzwa anakuwa daftari. Mama wa Kivu anahitaji kujua kuhusu penisilini kuliko mimi. Ufuge kwa mapenzi, ufuge kwa sufuria, mnyama asiyekula anakufa vilevile. Na hata yule wa sufuria ana haki ya kutokufa kwa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na haikuandikwa kwa ng'ombe peke yake.

Jibu la tatu ni yule mtoto. Mpwa wangu alikuwa anaangalia. Mara ya kwanza tulimfundisha kwamba kitu chako kikiumia unakipeleka kwa mtu mwenye sindano, kinakufa, na unapewa uongo. Kama mara ya pili ningerudi na kengine kwenye kikapu, rangi ileile, angejifunza kitu kibaya zaidi: kwamba vinavyoumia hubadilishwa. Huyu mtoto atakuwa mama wa mtu, au mwalimu, au yule anayesimama nyuma ya kaunta. Siku moja nitakuwa mzee kwenye kona, nimeangusha chakula, na ni yeye atakayeamua kama nimekataa au ninaumwa.

Kwa hivyo nadai, na madai yangu ni madogo. Mwenye agroveti, uliza ni mnyama gani kabla ya kufungua friji, na kama humjui, sema. Mwenye mnyama, asipokula leo, tafuta msaada leo. Na wewe jirani, rafiki, mzazi, ukikosa la kusema, nyamaza au shika taulo. Lakini usimwambie mtu anunue mwingine akiwa bado amembeba huyu.

Chapo sasa ana gramu 870. Jino lilirudi baada ya wiki chache, limepinda kidogo. Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mwenye agroveti wa pale mjini, yule wa mia tano, nikamweleza yote, la penisilini na la yule wa kwanza aliyekufa. Nilitarajia anifukuze. Alisikiliza huku akihudumia watu watatu. Kisha akachukua kalamu nene, akavuta katoni ya penstrep kutoka kwenye rafu, akaandika ubavuni: GINIPIGI HAPANA. Alicheka akiandika, lakini aliandika.

Kuna agroveti ngapi mtaani kwenu? Kalamu ni shilingi hamsini.